Mstari wa Umande Kwenye Tangi

Wasifu wa marehemu ulisomwa na mwenyekiti wa jumuiya, kijana ambaye mwaka ule ninaotaka kuueleza alikuwa hajaanza hata shule. Alisoma kwamba Evarist alizaliwa hapa hapa Rugera, akabatizwa, akaoa, akajaliwa watoto wanne, akafanya kazi kwenye bohari moja ya gesi, kisha akapata ajali ya moto "kutokana na kutokuwa makini" na kurudi nyumbani kulima. Hakuna aliyeinua kichwa. Nilikuwa nimekaa kwenye safu ya mbele chini ya turubai, kwa sababu nimetoka Dar es Salaam na nina gari, na mtu mwenye gari hapewi benchi msibani, hupewa kiti cha mbele. Sikumuua Evarist, alikufa kwa mapafu, miaka kumi na sita baada ya moto ule. Lakini yale maneno manne yaliyosomwa juu ya jeneza lake ni yangu. Niliyatoa mimi, nikiwa na miaka ishirini na tatu, mbele ya sahani ya pilau. Mshereheshaji alipouliza kama yupo aliyefanya kazi na marehemu anayetaka kusema neno, niliviangalia viatu vyangu, akaendelea na matangazo ya kamati ya chakula.

Mwaka ule nilifika Kayanga na cheti cha chuo cha ufundi, begi moja, na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Bohari ya Mzee Swaleh ilikuwa nje kidogo ya mji, kwenye mteremko: juu kabisa tangi moja jeupe lililolazwa juu ya nguzo za zege, chini yake banda la kujazia mitungi, kisha ofisi ya chumba kimoja, na chini kabisa, karibu na migomba, jiko la Bi Zuhura, mke wa Mzee. Jiko lile lilikuwa la kuni. Watu hucheka nikiwaambia, lakini ndivyo ilivyokuwa: tuliuza gesi Nyabiyonza, Igurwa, mpaka huko Kyerwa, na chakula chetu kilipikwa kwa kuni kwa sababu gesi ilikuwa ya kuuza. Kila siku saa saba tuliteremka kula. Siku za kawaida ndizi na maharage, Ijumaa pilau, na msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, Bi Zuhura, ambaye babu zake walitoka Tanga, alikuwa akiwakaanga kwa ndimu na pilipili manga huku akisema yeye hawali, kisha tunamkuta anatafuna. Aliniita mwanangu. Mimi niliyefundishwa darasani kwamba gesi ile ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa kufuata mteremko kama maji, sikuwahi kuliandika jiko lile kwenye karatasi yoyote. Nilikuwa nakula humo, na kulikuwa na joto.

Mzee Swaleh alianza na duka la nafaka, na jina lake lilijengwa na sado. Wauzaji wengine walipitisha mkono juu ya ndoo ile ya kupimia maharage wakaisawazisha. Yeye aliacha kilima, halafu akaongeza kiganja kimoja juu ya kilima. Watu waliteremka kutoka vijiji vya mbali wakiruka maduka mengine matatu, kwa ajili ya kile kiganja. Alikuwa mtu mwema. Nalisema hilo mapema kwa sababu ingekuwa rahisi kwangu leo kumfanya shetani, naye hayupo tena kujitetea. Aliniajiri kwa majaribio ya miezi sita, na kazi yangu kubwa ilikuwa moja: geji ya zamani ya tangi ilikuwa imekufa, mshale wake umeganda mahali pamoja, na mimi nilitakiwa kuchagua chombo kipya cha kupimia gesi imefika wapi ndani ya tangi, nikiandikie ripoti na kuweka sahihi. Baada ya hapo ningepata barua ya kuthibitishwa kazini. Sijawahi kuitaka karatasi yoyote maishani kama nilivyoitaka barua ile.

Kwa muda ule tusiokuwa na geji, tangi lilisomwa na Evarist. Alikuwa opereta, ana miaka kama thelathini, mrefu, mwenye mikono mikubwa ambayo nalazimika kuitaja. Karagwe asubuhi ni ukungu na baridi, na gesi iliyo ndani ya tangi, ambayo ikikandamizwa huwa majimaji, hukaa na ubaridi wake. Kwa hiyo umande hushika kwenye bati mpaka pale gesi ilipofika, na juu yake bati ni kavu. Evarist alipanda ngazi saa moja asubuhi, akapitisha kiganja ubavuni mwa tangi kutoka juu kushuka chini, akasimama pale palipolowa, akachora mstari kwa chaki. Nilimcheka. Akaniambia, "Dada fundi, chuoni walikufundisha kusoma saa ya geji. Tangi waliniachia mimi." Halafu akanionyesha kitu cha pili alichokiamini: kibomba chembamba kilichoingia kupitia mgongo wa tangi na kuning'inia ndani mpaka alama ya themanini kwa mia, chenye vali ndogo nje. Wakati wa kujaza unaifungua kidogo. Kikipuliza hewa tupu, endelea. Kikianza kutema ukungu mweupe, gesi imefika mdomoni mwake, funga lori. Hakina saa, hakina waya, hakiwezi kudanganya. Tulikaa chini ya kile kibomba asubuhi nyingi, tukinywa uji wa ulezi kwenye vikombe vya bati, naye akinisimulia habari za mtoto wake wa kwanza, Devota, aliyekuwa na miaka mitatu na aliyekataa kulala bila kushika sikio la baba yake.

Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa nzuri. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu ndiyo inayonihukumu. Niliandika tununue geji ya boya: boya linaelea juu ya gesi yenyewe, mkono wake unazungusha sumaku ndani, na mshale wa nje unafuata sumaku bila tangi kutobolewa. Niliandika tusichukue kile chombo cha mkandamizo ambacho Mzee alikwisha kukipata Mwanza kutoka kwa mtu aliyekitoa kwenye tangi la maziwa. Chombo cha namna ile hakioni gesi imefika wapi. Kinapima uzito wake kwenye kitako cha tangi halafu kinakisia. Maziwa hayabadiliki sana uzito. Gesi inabadilika, shehena hii nzito, ile nyepesi, na ikija nyepesi chombo kitasema bado kuna nafasi wakati tangi limejaa. Aya ya tatu nilisema kwamba vyovyote itakavyokuwa, kibomba cha Evarist kibaki na kitumike kila siku ya kujaza. Na mwisho nikaandika tusipite themanini kwa mia, kwa kuwa jua likipanda gesi hutanuka kama uji jikoni, na inahitaji pa kutanukia.

Mzee Swaleh aliisoma sebuleni kwake, miwani kwenye ncha ya pua, kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna katikati yetu. Nilipoingia nilimwambia shikamoo akaitika marahaba kwa sauti ya furaha, na Bi Zuhura akaleta chai ya tangawizi. Chombo cha Mwanza kilimpendeza kwa sababu kilikuwa na waya. Saa yake ingekaa ofisini, aone tangi lake akiwa amekaa kitini. Kibomba kilimkera kwa sababu kilipotema, gesi ilikwenda hewani na majirani walilalamika kwamba kahawa yao waliyoianika inanuka. Lakini kilichomuumiza hasa ilikuwa ile themanini. "Binti yangu," akasema, "mimi sijawahi kumpimia mtu sado lenye pengo. Leo lori linaletwa, tangi langu mwenyewe niliache na pengo?" Nikamweleza habari ya uji. Akatikisa kichwa kwamba ameelewa, akasema, basi tisini. Nikasema haiwezekani. Akacheka, akanisogezea kahawa, akasema niongeze kidogo na yeye apunguze kidogo. Na mimi, mtoto wa Karagwe, niliyekulia kwenye magulio ambako hata mkungu wa ndizi haununuliwi kwa bei ya kwanza, nikajikuta nasema themanini na tano. Tulipatana. Namba ambayo haikuwa mali ya yeyote kati yetu tuliipatanisha kama bei ya mkungu, na kama ilivyo desturi, mnunuzi akaomba nyongeza. Nyongeza yake ilikuwa aya ya tatu.

Niliitoa aya ya tatu jioni ile ile. Niliichapa upya ripoti, nikakisifu chombo cha mkandamizo kwa maneno ya kitaalamu ambayo bado nayakumbuka, nikaweka sahihi. Wiki ya pili kibomba kilizibwa kwa kizibo cha chuma. Evarist alisimama akitazama fundi akikaza, kisha akaniuliza kama ni mimi niliyeandika. Nikamwambia ni uamuzi wa ofisi. Barua yangu ya kuthibitishwa ilikuja siku chache baadaye, na Bi Zuhura alipika wali wa nazi kunipongeza. Evarist alikula nasi. Aliinua kikombe chake cha maji akasema, sasa fundi wetu ni mtu mkubwa, atatusahau, na sote tukacheka.

Ilikuwa kiangazi, miezi miwili baadaye, ukungu wa asubuhi bado mzito lakini mchana jua kali. Lori la gesi lilifika saa moja, dereva ana haraka ya kugeuza. Nilikuwa ofisini mbele ya saa mpya, na mshale ulipanda vizuri: sitini, sabini. Ulipofika sabini na tano Evarist alikuja mlangoni, mikono imelowa, akasema umande umepita mshono wa juu wa bati, tangi limejaa kuliko saa inavyosema, tufunge. Nikatazama saa. Nikamwambia bado. Akarudi. Ulipofika sabini na tisa akaja tena, na safari hii akaingia ndani na kusimama mbele ya meza yangu. "Dada Advera, nakuomba. Njoo ushike mwenyewe." Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, na nje kulikuwa na baridi. Ile saa niliichagua mimi, ina sahihi yangu. Kusimama na kwenda kushika bati kwa kiganja kungekuwa kusema kwamba sahihi yangu ni ya uongo. Nikamwambia, "Chombo kinasema sabini na tisa. Endelea kujaza." Aliniangalia kidogo, akasema sawa, akatoka, akajaza mpaka saa iliposema themanini na tano. Dirisha la ofisi lilikuwa wazi, na Bi Zuhura alikuwa anapita na kapu la mkaa wa pasi. Alisikia.

Saa sita na nusu jua lilikuwa utosini. Vali ya usalama ilifunguka kwa mlio ambao kwanza nilidhani ni tairi la lori. Ukungu mweupe ulirushwa juu, ukaanguka, ukaanza kuteremka mteremko taratibu ukiwa umelala chini, ukipita banda, ukipita ofisi, kuelekea jikoni ambako ndizi zetu zilikuwa motoni. Mimi nilikimbia kupanda mteremko, mbali na njia ya gesi. Ninajua kwa nini, nilifundishwa hivyo. Evarist naye alifundishwa hivyo, na mimi ndiye niliyemfundisha, lakini yeye alifungua maji ya kupoza tangi halafu akakimbia kushuka. Alimkamata Bi Zuhura kwa mabega akamtupa nje kwa mlango wa nyuma, akachukua sufuria la ndizi akalimwaga lote juu ya moto. Karibu afaulu. Kaa moja lilibaki likiwaka. Moto wenyewe haukudumu. Ulipita kama shuka linalokung'utwa, ukazima, vali ikajifunga, tangi likabaki salama. Alitoka mlangoni akitembea wima, mikono ameiweka mbele yake, na alikuwa anauliza kama mama ametoka.

Wakaguzi wawili walikuja wiki iliyofuata. Usiku wa kuamkia siku hiyo nililala kwa Mzee, na kupitia ukutani nilimsikia Bi Zuhura akisema yule kijana amenitoa motoni, Swaleh, utamweka wapi, na Mzee akajibu kwamba bohari ikifungwa watu kumi na sita watakaa nyumbani, yeye atawaweka wapi. Asubuhi alinieleza mimi hivyo hivyo, kwa upole, bila vitisho. Akasema nikisema Evarist alikuja, basi aliyeagiza ni mimi, na sahihi ni yangu, na mahakama haina mama wala shangazi. "Na yeye ameshaungua, binti yangu. Hakuna neno litakalomrudishia ngozi." Wakaguzi walikaa sebuleni, wakapewa pilau, nami nikapewa sahani yangu. Mmoja wao, huku akichambua iliki, aliniuliza kama opereta alitoa taarifa yoyote kwamba tangi limezidi. Nikasema hapana, hakuna aliyenijia. Akauliza basi mimi kama mtaalamu naona chanzo ni nini. Nikasema ni kutokana na kutokuwa makini. Bi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa. Hakuinua macho, na mimi sikuinua yangu.

Evarist alikaa hospitali miezi mitatu. Nilikwenda mara moja, nikamkuta amelala, nikaweka machungwa kwenye kabati nikaondoka kabla hajaamka. Alipojaribu kudai haki yake, mtu fulani ofisini kwetu, wala sitaki kukumbuka nani, alimwambia kwamba kabla ya madai athibitishe kwanza uraia, kwa kuwa baba yake alivuka kutoka Burundi. Mtu aliyezaliwa Rugera, aliyebatizwa kwenye kanisa lililoko umbali wa kutembea kutoka nyumbani kwao. Aliacha. Mimi niliondoka Karagwe mwaka uliofuata nikiwa na barua nzuri ya sifa, na leo kazi yangu ni ile ile: nachagua vyombo vya kupimia matangi makubwa ya gesi. Siruhusu tangi lenye chombo kimoja. Lazima viwe viwili visivyojuana, na kizuizi cha tatu kinachofunga chenyewe. Hainunuliwi geji bila mimi kwenda kushika bati kwa kiganja. Vijana wanasema mama Advera ana msimamo. Sina msimamo wowote. Nilichonacho ni woga uliochelewa.

Baada ya maziko, watu walipokwisha kula na kuanza kutawanyika, Bi Zuhura, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, alinishika mkono akaniingiza ndani kwa mjane. Tulikuwa hatujaonana tangu nilipoondoka Karagwe. Hakuniuliza habari za Dar es Salaam wala watoto. Alisema tu, "Mimi nimeshamwambia nilichosikia dirishani. Hajaniamini, anasema namfariji." Halafu akatuacha. Mama Devota alikuwa amekaa kwenye mkeka, na mbele yake kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama kinavyowekwa kwa mgeni. Alinisogezea. Nikachukua punje mbili kwa mikono yote miwili. Chumba kilikuwa safi; ukutani kalenda ya kanisa, na kwenye kona jembe ambalo mpini wake ulifungwa kitanzi cha ngozi, cha kupitisha kiganja kisichoweza kukunja vidole. Sikuweza kuliangalia kwa muda mrefu.

"Nina swali moja, fundi," akasema. "Siku ile, alikuja kukwambia kwamba tangi limejaa?"

"Alikuja," nikasema. "Alikuja mara mbili. Mimi ndiye niliyemwambia aendelee. Na wakaguzi walipouliza, nilisema hakuja."

Hakulia. Aliutazama mlango, kisha kalenda, midomo yake ikichezacheza kama anayehesabu. "Mara mbili," akasema. "Ndivyo alivyokuwa anasema, mara mbili." Halafu, "Kila alipolisema, nilimwambia aache uongo, watoto wanasikia. Miaka kumi na sita. Hata wiki hii akiwa kitandani alilisema, na mimi nikamwambia hivyo hivyo."

Aliinua kikapu cha kahawa kutoka mbele yangu, akakifunika, akatoka nacho. Mlango ulibaki wazi. Nilimwona akienda mpaka kwenye udongo mbichi kando ya migomba, akachuchumaa, akaanza kusema kwa lugha ya kwao, ambayo si yangu, polepole, akirudia. Sikuyajua maneno yote, lakini niliyajua ya kutosha kuelewa kwamba anaomba msamaha. Ilikuwa kazi yangu kuuomba, si yake, na kutoka pale mkekani mpaka kaburini hazikufika hatua thelathini. Nilibaki nimekaa, punje za kahawa mkononi, mpaka dereva alipokuja kuniuliza kama tuko tayari kuondoka.